Uhai wa Kuazima: Gari la Kale la Kimarekani na Swali la Kubaki Kilekile

Gari la kale la Kimarekani, kwa maana wanayoikusudia wapenzi wake, ni gari lililotoka kiwandani miongo mingi iliyopita na ambalo bado linatunzwa, si kwa sababu mwenyewe hana usafiri mwingine, bali kwa sababu analipenda. Chama cha Antique Automobile Club of America, kilichoanzishwa mwaka 1935, hulipokea gari lolote lililotimiza umri wa miaka 25. Hata hivyo mapenzi makubwa huyaangukia magari yaliyoundwa kati ya mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia na mwanzo wa miaka ya 1970: Chevrolet Bel Air ya 1957, Cadillac ya 1959 yenye mapezi marefu kwa nyuma, Chevrolet Corvette, na Ford Mustang iliyozinduliwa New York tarehe 17 Aprili 1964. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoundwa lidumu miaka sitini. General Motors na washindani wake walibadilisha sura za magari yao mwaka hadi mwaka kwa makusudi, ili aliyenunua juzi aone lake limepitwa na wakati na arudi dukani. Yaliyobaki yamebaki kwa sababu mtu fulani alikataa kuyatupa, na baada yake mwingine, na baada yake mwingine tena.

Lakini gari halihifadhiki kwa kuachwa. Anayelinunua likiwa limelala ghalani kwa miaka mingi hukuta sakafu imeliwa na kutu, mipira ya breki imepasuka, nyaya zimekauka, na kabureta imeziba kwa ute wa petroli iliyooza. Petroli yenyewe imebadilika. Ile inayouzwa Marekani leo mara nyingi huwa na ethanoli hadi asilimia 10, nayo huila mipira ya zamani ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake. Madini ya risasi, ambayo zamani yalikuwamo katika petroli na kulinda viti vya valvu, yalipigwa marufuku kwa magari ya barabarani mwaka 1996, hivyo baadhi ya injini huhitaji kuwekewa viti vya chuma kigumu zaidi. Mtu anayetaka gari lake libaki lilivyo analazimika kulibadilisha ili libaki. Anakata sakafu na kuchomelea nyingine, ananyoosha bodi, anapiga rangi upya, anafungua injini na kutia pistoni mpya. Akiendelea hivyo kwa muda wa kutosha, utafika wakati ambapo sehemu kubwa ya chuma anachokipangusa kila Jumamosi haikuwapo siku gari lilipotoka kiwandani. Je, gari hilo bado ni lile?

Swali hili ni la kale kuliko injini. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki aliyeishi katika karne ya 1 na ya 2, alisimulia kwamba watu wa Athene waliihifadhi merikebu ya shujaa Theseus kwa karne nyingi, wakitoa kila ubao uliooza na kutia mpya mahali pake, mpaka wanafalsafa wakaifanya mfano wa mabishano yao: wengine wakasema ni ileile, wengine wakasema siyo. Mwaka 1655 Thomas Hobbes, Mwingereza, alilitia swali hilo makali zaidi. Tuseme mtu mmoja alikuwa akiziokota zile mbao kuukuu kila zilipotolewa, akaziweka, na mwishowe akaziunganisha kwa mpangilio uleule. Sasa zipo merikebu mbili. Ipi ni ya Theseus?

Kwa Hobbes hilo lilikuwa zoezi la akili, lakini kwa mafundi wa magari ya kale ni jambo linaloweza kutokea kweli. Kampuni ya Dynacorn huuza bodi nzima mpya za chuma za Mustang na Camaro za miaka ya 1960, zilizotengenezwa kwa leseni ya kampuni zilizobuni magari yenyewe. Mtu anaweza kununua bodi hiyo, akahamishia ndani yake injini, gia boksi, viti na dashibodi kutoka kwa gari lililooza. Bodi kuukuu nayo haijayeyuka. Inaweza kuuzwa kwa mwingine, ikatiwa viraka na injini nyingine, na siku moja ikasimama barabarani. Magari mawili yatadai kuwa ni gari moja, na kila moja litakuwa na hoja yake. Jambo hili hujitokeza kwa namna ndogo zaidi kila gari linapochinjwa ili spea zake ziokoe magari mengine: mlango wa gari moja, boneti ya la pili na ekseli ya la tatu hukutana na kupewa jina moja.

Mapokeo ya Kibudha yanalo jibu lililotolewa kwa kutumia chombo cha usafiri. Katika kitabu kiitwacho Milindapanha, mfalme Milinda, ambaye ni Menander aliyetawala Wagiriki wa kaskazini-magharibi ya Bara Hindi katika karne ya 2 kabla ya Kristo, anajadiliana na mtawa Nagasena. Mtawa anamuuliza mfalme kuhusu gari la kukokotwa alilojia. Je, gari ni ekseli? Ni magurudumu? Ni fremu, au nira? Mfalme anakana kila kimoja. Basi, je, gari ni kitu kingine nje ya hivyo vyote? Hilo nalo mfalme analikana. Mwishowe mfalme mwenyewe anakiri kwamba gari ni jina tu, namna ya kuziita sehemu hizo zinapokuwa pamoja, na Nagasena anamwonyesha kwamba hata mtu yuko hivyohivyo. Somo lenyewe limekusudiwa kuulegeza mkono unaong'ang'ania. Anayeamini kwamba ndani ya Bel Air yake kuna kiini fulani kisichobadilika, kinachokaa mahali fulani kati ya boneti na buti, atakitafuta asikipate.

Wanateolojia wa Kiislamu wa madhehebu ya Ashari walifika mahali pengine kwa njia inayofanana. Kwao kila mwili umefanyizwa kwa chembe na kwa sifa zinazozipata chembe hizo, na sifa hazidumu nyakati mbili mfululizo. Mwenyezi Mungu huziumba upya dakika kwa dakika. Rangi nyekundu ya Corvette haibaki nyekundu kwa nguvu zake yenyewe. Kudumu kwa kitu ni kazi inayofanywa kila wakati na asiyekuwa kitu hicho. Mtu asiyeikubali elimu hiyo ya chembe anaweza bado kuuona ukweli mzito uliomo ndani yake, yaani kwamba hakuna kilichoumbwa ambacho kinajitosheleza kubaki.

Majibu haya mawili yanaondoa kosa la kutafuta kiini ndani ya chuma, lakini hayasemi kwa nini watu wenye akili timamu hutofautisha gari halisi na la kuigiza, wala kwa nini tofauti hiyo inawagusa. Hapo Aristotle na John Locke wanasaidia, hasa wakisomwa pamoja. Aristotle aliona kwamba viumbe hai vina chanzo cha mwendo na cha kukua ndani yao wenyewe, ilhali vitu vya ufundi havina: kitanda kikizikwa ardhini na kuchipua, kitachipua mti, si kitanda. Locke, katika toleo la 1694 la kitabu chake kuhusu akili ya binadamu, alieleza kwamba mwaloni uliopandwa mche hubaki mwaloni uleule unapokuwa mti mkubwa, ingawa chembe zake zote zimebadilika, kwa sababu uhai mmoja uliopangika unaendelea ndani yake. Rundo la mawe, kwa upande wake, hukoma kuwa rundo lilelile jiwe moja likiondolewa.

Gari la kale liko wapi kati ya rundo na mwaloni? Halina uhai wa kujiponya. Kutu ikiingia haitatoka yenyewe, na sili ikipasuka itavuja mpaka mtu aibadilishe. Lakini pia si rundo, kwa kuwa mabadiliko yake yana mpango na yanalenga jambo moja, yaani kuendelea kwa gari hilo. Jibu linaloelekea kuwa sahihi ni kwamba gari huishi kwa uhai wa kuazima. Lile ambalo mwaloni hujifanyia wenyewe, gari hufanyiwa na mlolongo wa watu: aliyelinunua jipya, mwanawe aliyelirithi, fundi wa mtaani aliyelikarabati likiwa halina thamani yoyote, mgeni aliyelikuta ghalani. Mlolongo wa matunzo usipokatika, gari ni lile, hata kama vyuma vyake vingi ni vipya. Ukikatika, yaani gari likivunjwavunjwa pasipo nia ya kuliunganisha na sehemu zake zikatawanyika, kuzikusanya tena baada ya miaka arobaini ni kuunda gari jingine kwa vipande vya zamani. Kwa hiyo mbao za Hobbes zilizookotwa haziifanyi merikebu ya Theseus. Merikebu ilikuwa bandarini muda wote, ikitunzwa.

Wanasheria walilielewa jambo hili mapema. Alfenus, mwanasheria wa Kirumi wa karne ya 1 kabla ya Kristo, aliulizwa kama mahakama ni ileile baada ya baadhi ya waamuzi wake kubadilishwa. Akajibu kwamba ni ileile, kama jeshi lilivyo lilelile baada ya askari wake wa kwanza kufa, na kama merikebu iliyokarabatiwa mpaka haina ubao wa awali. Karne ishirini baadaye swali lilifika Mahakama Kuu ya Uingereza likihusu gari, ingawa si la Kimarekani. Bentley Speed Six iitwayo Old Number One ilishinda mashindano ya Le Mans mwaka 1929 na 1930, kisha ikabadilishwa mara kadhaa kwa ajili ya mbio nyingine, na baada ya ajali mwaka 1932 ikapewa bodi tofauti kabisa. Mwaka 1990 kampuni moja iliafiki kuinunua kwa pauni milioni 10, halafu ikakataa kulipa kwa hoja kwamba hiyo siyo Old Number One tena. Jaji Otton alikubali kwamba vyuma vilivyobaki kutoka 1929 vilikuwa vichache mno, lakini akaamua kwamba gari ni lile la kweli, kwa sababu historia yake haikukatika. Hakuna wakati ambapo lilikufa na jingine likachukua nafasi yake.

Wakusanyaji wa Marekani wamelijibu swali hilo kwa namna yao, kwa kufuata namba. Kabla ya 1981, mwaka ambao namba ya utambulisho wa gari ilisanifishwa kuwa ya herufi na tarakimu 17, kila kampuni ilikuwa na utaratibu wake. Namba 5F08F100001, kwa mfano, inasomeka hivi: gari la mwaka wa modeli 1965, kiwanda cha Dearborn, Mustang ya kufunguka paa, injini ya V8, la kwanza katika orodha. Gari lenyewe lipo katika jumba la makumbusho la Henry Ford huko Dearborn. Magari mengi ya miaka ya 1960 yaligongwa sehemu ya namba hiyo kwenye injini pia. Injini na gari zikiwa bado na namba zinazolingana, bei hupanda sana, na kwa sababu hiyo wapo wanaosaga namba ya injini nyingine na kugonga upya ile inayotakiwa. Kufanya hivyo ni kusema uongo kwa nyundo. Anayeifanya injini ngeni ionekane ya asili haliharibu gari kimwili, kwani huenda likaenda vizuri kuliko awali. Anachokiharibu ni ushahidi wa mlolongo uliolifikisha hapa, yaani kile hasa kinacholifanya liwe lile. Injini ya kubadilisha iliyotajwa wazi ni sura halali katika maisha ya gari. Injini hiyohiyo ikifichwa, historia nzima ya gari inatiliwa shaka.

Mgogoro kati ya ukweli na uzuri umewagawa pia wanaofufua magari, kama ulivyowagawa wajenzi wa Ulaya katika karne ya 19. Mfaransa Viollet-le-Duc aliyarudisha makanisa ya kale katika ukamilifu ambao pengine hayakuwahi kuwa nao. Mwingereza John Ruskin, katika kitabu chake cha 1849 juu ya usanifu wa majengo, alishikilia kwamba kazi ya namna hiyo ni uongo, kwa sababu mkono wa fundi aliyekufa haurudishiki, na kwamba wajibu wa walio hai ni kutunza kabla uharibifu haujaingia. Katika magari, upande wa Viollet-le-Duc ulitawala kwa muda mrefu. Rangi ilipigwa tabaka baada ya tabaka na kusuguliwa mpaka iakisi uso wa mtu, na kromu ikawa safi kuliko kiwanda chochote cha 1957 kilivyoweza kuitoa. Wapo walioona kasoro katika mtindo huo. National Corvette Restorers Society, iliyoanzishwa mwaka 1974, hulipima gari kwa jinsi lilivyotoka kiwandani, na rangi iliyo nzuri kupita ile ya kiwanda hupunguziwa alama. Corvette 300 za mwaka wa kwanza, 1953, ziliunganishwa kwa mikono huko Flint, Michigan, kwa bodi za nyuzi za kioo ambazo wafanyakazi walikuwa bado wanajifunza kuzishughulikia. Kuiondoa kila dosari ya kazi hiyo ni kuwafuta wafanyakazi wenyewe.

Siku hizi heshima inaelekea kwa magari ambayo hayajaguswa. Mustang GT ya kijani aliyoiendesha Steve McQueen katika filamu ya Bullitt ya 1968 ilinunuliwa mwaka 1974 na familia moja ya New Jersey kwa dola 6,000, ikatumika kama gari la kawaida la nyumbani, kisha ikaegeshwa klachi yake ilipokufa. McQueen mwenyewe aliwahi kuomba auziwe, asifanikiwe. Mwaka 2020 iliuzwa mnadani kwa dola milioni 3.4 kabla ya ada, ikiwa na kutu, michubuko, na matundu ya skrubu yaliyotobolewa kwa ajili ya kufunga kamera. Kama ingepelekwa gereji ikapigwa rangi mpya, ingepoteza kile ambacho hakuna fundi duniani anayeweza kukirudisha. Hata hivyo kutogusa nako kuna mpaka. Mpira wa breki uliopasuka si historia ya kuheshimiwa, ni hatari.

Kuba inautazama mgogoro huu kutoka upande mwingine kabisa. Baada ya mapinduzi ya 1959 na vikwazo vya Marekani, ambavyo vilikamilika mwaka 1962, magari na spea za Kimarekani viliacha kuingia kisiwani. Kwa karibu nusu karne, mpaka 2011, magari ambayo mwananchi wa kawaida aliweza kununua na kuuza kwa uhuru yalikuwa yale ya kabla ya mapinduzi. Mafundi wa Havana wakatia injini za dizeli za Kirusi ndani ya Chevrolet, breki kutoka kwa Lada, na spea nyingine walizozichonga wenyewe. Hakimu wa maonyesho ya Marekani angeyakataa karibu yote. Lakini kwa kipimo cha mlolongo wa matunzo, magari hayo yana dai kubwa. Hayajawahi kupumzika, hayajawahi kuachwa, na kila kiungo kigeni ndani yake kiliingia ili gari liendelee kubeba watu. Aristotle angeongeza jambo. Aliandika kwamba jicho lisiloona ni jicho kwa jina tu, kama jicho la sanamu, na kwamba shoka hutambulika kwa kukata. Buick ya Havana iliyojaa abiria ni gari kwa maana kamili zaidi kuliko Buick iliyofungiwa chumba chenye hewa iliyodhibitiwa na ambayo kipima-kilomita chake hakitasogea tena. Jumba la makumbusho lina sababu njema za kuizuia Mustang ya kwanza isiingie barabarani. Mkusanyaji binafsi anayenunua gari ili alifiche na kungoja bei ipande hana sababu hizo.

Ikiwa gari huishi kwa mlolongo wa watunzaji, umiliki wake unabadilika maana. Mapokeo ya sheria yaliyotokana na Roma humpa mwenye mali haki ya kuitumia, kuvuna faida yake, na hata kuimaliza. Mwanasheria wa Kimarekani Joseph Sax, katika kitabu chake cha 1999 juu ya hazina za utamaduni zilizo mikononi mwa watu binafsi, alihoji kama mwenye mchoro wa Rembrandt anaweza kweli kuutumia kama ubao wa kutupia vishale. Dini zilikuwa zimeshajibu kwa upana zaidi. Katika Uislamu binadamu ni khalifa duniani na mali iliyo mkononi mwake ni amana atakayoulizwa. Katika Kitabu cha Mwanzo mtu anawekwa bustanini awe mtunzaji wake. Mwenye gari la 1957 amelipokea kutoka kwa watu ambao wengi wao wamekufa, na kama atalitunza ipasavyo litamzidi umri. Haki ya kulibomoa anayo kisheria. Kimaadili, haki hiyo inapungua kila gari la aina yake linapopotea.

Lakini neno la dini lina upande wa pili, ambao wapenzi wa magari hawapaswi kuuruka. Katika Injili ya Mathayo Yesu anaonya dhidi ya hazina za duniani, na kutu imetajwa waziwazi miongoni mwa viharibifu vyake. Qurani, katika sura ya At-Takathur, inawalaumu wanaoshughulishwa na kushindana kwa wingi wa mali mpaka wanaingia makaburini. Ghala lenye magari arobaini yasiyotembea, ilhali jirani anakosa karo ya mtoto, linalengwa moja kwa moja na maonyo hayo. Mtakatifu Augustino alitofautisha vitu vya kutumiwa na kile kinachostahili kufurahiwa kwa ajili yake chenyewe, ambacho kwake ni Mungu peke yake, na aliona dhambi katika kuvichanganya. Walimu wa zuhudi, akiwamo al-Ghazali, walieleza kwamba jambo si mkono kuwa mtupu bali moyo kutofungwa na kilichomo mkononi.

Hapa gari la kale lina fadhila ambayo dhahabu haina. Dhahabu humwachia mtu ndoto kwamba kipo kitu kisichoharibika. Gari haliachi ndoto hiyo hata kwa msimu mmoja. Kila majira ya kuchipua mwenyewe hukuta doa jipya la kutu chini ya mlango, na anajua kwamba kazi yake haina siku ya kumalizika. Kumpenda mzazi aliyezeeka, kuhudumia bustani, kutunza msikiti au kanisa la zamani, yote ni mapenzi ya kitu kinachopita, na hakuna dini inayoyahesabu kuwa ibada ya sanamu. Hatari huanza pale mwenye gari anapolipenda kwa sababu linamwinua juu ya wengine. Kilichopendwa hapo ni sifa tu, na hilo huonekana upesi: gari la mwenzake likipewa alama zaidi, huzuni yake haina uhusiano wowote na hali ya gari lake.

Utunzaji wenyewe, ukifanywa kwa mikono ya mwenye gari, ni shule ya akili na ya tabia. Matthew Crawford, mwanafalsafa wa Kimarekani aliyefungua gereji ya pikipiki, aliandika mwaka 2009 kutetea kazi ya mikono kama namna ya kujua ulimwengu. Hoja yake inahusu magari ya kale moja kwa moja. Injini isiyowaka haisikilizi cheo cha mtu wala ufasaha wake. Inamtaka aache anachodhani na atazame kilichopo: kama plagi inatoa cheche, kama petroli inafika, kama muda wa kuwasha umehama. V8 ndogo ya Chevrolet, iliyoanza mwaka 1955 ikiwa na ujazo wa takriban lita 4.3, inaeleweka kwa mtu mmoja mwenye spana na subira, na hiyo ni sehemu kubwa ya mvuto wake. Katika zama ambazo vyombo vingi vinamkataza mtumiaji kuvifungua, kuwa na kimoja kinachoeleweka chote ni heri ambayo haipaswi kudharauliwa.

Kuna swali gumu zaidi la wajibu, nalo ni la usalama. Mustang ya 1965 ilitoka na mfumo mmoja wa majimaji ya breki kwa magurudumu yote manne. Likivuja bomba moja, breki zote zinaondoka. Sheria ya usalama wa magari ya 1966, iliyopitishwa baada ya kitabu cha Ralph Nader cha 1965 kuwaamsha Wamarekani, ilileta viwango vilivyofanya mifumo miwili na mikanda ya viti kuwa lazima mwishoni mwa muongo huo. Je, mwenye gari abaki na mfumo wa asili kwa ajili ya ukweli wa historia, au aweke silinda kuu yenye sehemu mbili na mikanda? Uzito wa mambo haya mawili haulingani. Uasilia ni thamani, lakini mtoto anayevuka barabara hakuulizwa kama anakubali kuhatarishwa kwa ajili yake. Sehemu za zamani zinaweza kutiwa kwenye sanduku na kuandikwa, ili anayefuata azikute. Mlolongo wa matunzo unaruhusu mabadiliko hayo, kwani yamefanywa wazi na yanaweza kurudishwa nyuma.

Kanuni hiyohiyo inasaidia katika suala jipya la kung'oa injini ya petroli na kuweka mota ya umeme. Wanaotetea hatua hiyo hutaja moshi, na wana haki ya kusikilizwa, ingawa gari linaloendeshwa mara chache kwa mwaka huchoma petroli kidogo na kulihifadhi kunaokoa chuma ambacho kimeshachimbwa. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, linashikilia kwamba gari lililobadilishwa hivyo haliwezi kuhesabiwa kuwa la kihistoria, na linashauri sehemu zote za asili zihifadhiwe na mabadiliko yawe ya kurudishika. Msimamo wake unaeleweka kwa upande wa historia, kwa sababu katika magari mengi haya sauti na mwenendo wa injini ndivyo vilivyolipambanua gari. Lakini hiyo haimaanishi kwamba gari limekufa. Injini iliyopakwa grisi na kuwekwa ghalani pamoja na hati zake bado imo ndani ya matunzo. Iliyouzwa kwa kilo haimo.

Magari mengine hufikia mwisho. Fremu huoza hadi haishiki bolti, au moto huacha maganda tu, na hapo fundi mwadilifu humwambia mwenye gari kwamba kinachobaki ni spea. Kuchinjwa si fedheha kwa gari la namna hiyo. Kabureta yake itafungwa kwenye Impala moja, vioo vyake kwenye nyingine, na vipande hivyo vitaingia katika maisha ya magari hayo. Kisichofaa kuhamishwa ni namba yake. Sheria ya Marekani inaharamisha kuing'oa na kuibandika penginepo, na kwa hoja zilizotangulia sheria hiyo ni ya haki, kwa kuwa namba inasimama badala ya historia ya gari moja, na historia hiyo imefungwa siku gari lilipoachwa kutunzwa.